Jani la Sale Mbele ya Kamati

Siku yangu ya kwanza kazini niliogopa lifti. Idara ya Kamati za Bunge ilikuwa ghorofa ya juu kabisa, na mimi binti wa Levolosi, Arusha, sikuwa tayari kufungiwa ndani ya sanduku la chuma. Nikapanda ngazi, nikafika jasho likinitiririka hadi kwenye kola. Mkuu wa Idara, mzee mwembamba wa kaunda suti iliyonyooshwa ikanyooka, akanitazama akacheka.

"Unaogopa nini, binti?"

"Shikamoo mzee. Naogopa kila kitu."

"Marahaba. Basi kazi hii itakufaa. Katibu wa kamati ni ukuta. Kuta zina masikio, hazina mdomo."

Ninyi vijana mnaotazama Bunge kwenye simu mnadhani kazi yote ni ya wale wanaopiga meza. Nyuma yao yuko katibu. Kamati ikitumwa kuangalia kama Serikali imefanya ilichoahidi, katibu ndiye huandaa hadidu za rejea, yaani mipaka ya kile ambacho kamati imetumwa kuchunguza. Huita mashahidi, huwaapisha, huandika wasemacho, kisha huandaa taarifa ya kuwekwa mezani, ndiko kuwasilishwa rasmi mbele ya Bunge zima. Kikaoni hafungui kinywa ila Mwenyekiti amuulize. Sharti hilo lilinifurahisha mno. Mama alizoea kuniambia, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," nami nilikusudia kwetu kuwe na kicheko maisha yote.

Nilianzia kamati ya kilimo, nikapelekwa ya mashirika ya umma wakati mashirika yenyewe yanauzwa moja baada ya jingine na wenzetu wanapunguzwa kazi. Baadaye nikahamishiwa iliyoshughulikia mazingira. Neno tabianchi lilikuwa bado halijafika midomoni mwetu. Tulisema misitu, tulisema mvua, na wafadhili walileta fedha kwa ajili ya vyote viwili.

Ndipo tukatumwa Arusha. Kulikuwa na mradi wa kuhifadhi vyanzo vya maji mlimani Meru: kupanda miti juu ya chemchemi na kuilinda. Awamu ya kwanza ilikuwa imekwisha, na Meneja wa Mradi alikuwa anaomba ya pili, ambayo ingempa pia ruhusa ya "kuvuna miti iliyokomaa" kwenye mteremko ulio juu ya kijiji cha Akheri. Barua za wanakijiji zilisema miti hiyo imeshavunwa sana, tena mbao zake zinauzwa mjini, na mteremko uliobaki ukivuliwa nguo, chemchemi itakufa na udongo utawashukia wakiwa ndani ya nyumba. Kamati ndiyo ingeamua: kukubali au kukataa.

Siku ya kwanza Meneja alitutembeza kando ya barabara. Miche ilikuwa imepangwa vizuri kama watoto wa kipaimara. Juu mlimani hakutupeleka, alisema njia ina utelezi. Tulipokuwa tunarudi kwenye magari akanisogelea. Alikuwa mtu wa Kilimanjaro, asili ya wazazi wangu, mpole, mwenye sauti ya kwaya.

"Dada, za masiku? Wewe si wa Levolosi?"

"Ndiyo, bwana."

"Mama bado anauza ndizi sokoni Kwa Mrombo? Ile meza ya karibu na mashine ya kusaga?"

"Bado."

"Msalimie sana. Mwambie namfahamu."

Niliyasikia kama kitisho. Nilimweleza mwenzangu dereva, akasema hizo ni salamu tu. Nilipita kwa mama, naye akacheka hadi akashika kiuno. "Mtu akinisalimia ndiyo unatetemeka? Wewe mwanangu utakufa kwa kivuli chako." Sikulala vizuri. Nilikuwa nayasikia maneno yale, "namfahamu," na jinsi alivyoyatua polepole.

Kikao cha mashahidi kilifanyika Akheri, katika ghala la chama cha ushirika. Wanunuzi binafsi walikuwa wameshaanza kufuata kahawa majumbani, kwa hiyo ghala lilikuwa tupu. Wanakijiji walijaa hadi mlangoni, lakini waliokubali kusema walikuwa wachache, na kati yao tuliyemtegemea ni mmoja: Mama Anaeli, mjane mkali, msimamizi wa mfereji wa kijiji, ambaye nyumba yake ilikuwa chini kabisa ya mteremko ule. Ndiye aliyeandika zile barua. Meneja aliketi mstari wa mbele, mikono juu ya magoti.

Mama Anaeli akaapa. Mwenyekiti wetu, mwalimu wa zamani kutoka kanda ya ziwa, akamuuliza ana malalamiko gani dhidi ya mradi.

Akafungua pindo la kanga, akatoa jani refu la kijani, akaliweka mezani.

"Sina neno na Meneja," akasema. "Nimesamehe."

Ghala zima likashusha pumzi. Mwenyekiti akatazama jani, akatazama saa. "Kwa hiyo shahidi hana lalamiko. Katibu, andika hivyo." Meneja akainamisha kichwa kama mtu anayemshukuru Mungu.

Kalamu yangu haikushuka. Nililijua jani lile tangu utotoni. Ni sale, mmea ambao sisi watu wa Kilimanjaro na Meru huupanda kwenye mipaka ya mashamba. Lakini sale lina kazi nyingine. Ukimkosea mtu, unampelekea sale, naye hana ruhusa ya kukataa msamaha wala ya kukushtaki tena, hata kama umemchomea nyumba. Meneja alijua hivyo. Alikuwa amempelekea mama yule jani ili kumfunga mdomo, na lilikuwa limemfunga.

Mwenyekiti akaona siandiki. "Katibu, kuna nini? Jani hili ni nini?"

Ameniuliza. Ukuta umeulizwa! Meneja akageuka, akanitabasamia, na midomo yake ikatamka bila sauti neno ambalo mpaka leo naamini lilikuwa "mama". Ningeweza kusema, "Ni jani la mpaka, Mheshimiwa," na lisingekuwa uongo. Niliiona meza ya ndizi. Kisha nikamwona Mama Anaeli ananitazama bila kuomba chochote, na nyuma yake, dirishani, mlima.

"Mheshimiwa," nikasema, sauti ikinitetemeka kama ya mbuzi, "hilo ni sale. Ni la kuombea radhi. Aliyelipokea lazima asamehe. Na sale haliletwi na asiye na kosa."

Mwenyekiti akavua miwani.

"Mama, ulimsamehe nini?"

Uso wa Mama Anaeli ukafunguka. Hakuombwa kushtaki, aliombwa kueleza msamaha wake, na hilo sale halikatazi. Akasema yote: malori, misumeno, vitisho mlangoni kwake, visiki hadi kwenye jicho la chemchemi. Alipomaliza akamgeukia Meneja.

"Langu nimekusamehe, baba. La mlima si langu."

Kamati ikapanda mlimani kwa miguu, utelezi na yote, ikaviona visiki. Taarifa iliwekwa mezani, awamu ya pili ikakataliwa, mteremko ukabaki na miti yake iliyosalia. Meneja alihamishwa, maana siku zile hiyo ndiyo ilikuwa adhabu ya wakubwa.

Mimi nililipa kwa woga. Kwa miaka, simu ya ofisini ikilia najua ni ya msiba. Nilimsihi mama aache soko, akakataa, akauza ndizi hadi magoti yalipomgomea, akafa kitandani kwake kwa uzee. Hakuna aliyemgusa. Ndugu walinitania hadi siku niliyostaafu: ulitetemekea salamu! Nami nikaanza kuwaamini, kwamba nilimdhania mtu mabaya.

Nimerudi Levolosi sasa. Juzi mwanamke mtu mzima aligonga geti, akaniamkia, akanyoosha mikono yote miwili. Viganjani, sale.

"Baba yangu ni mgonjwa," akasema. "Alikuwa Meneja wa ule mradi wa Meru. Ameniambia nisirudi nalo."

Nilishika ukuta. "Ananiomba radhi ya nini?"

"Hata mimi sijaelewa, mama. Amesema ni ya zile salamu alizokupa umpelekee mama yako."

Nikalipokea, maana halikataliwi. Nikamwambia nimesamehe, na kweli nimesamehe. Alipoondoka nikakaa kizingitini nikalia kwa sauti, mimi mzee mzima. Kazi yangu ilikuwa kusikia, na siku ile nilikuwa nimesikia vizuri.