Shangazi wa Voi Kwenye Barafu ya Johannesburg

Sikwenda Johannesburg kutalii. Nilitumwa kusema neno. Ndugu yangu Mwakio anafanya kazi benki huko, na binti yake wa pekee, Mghoi, mwenye miaka kumi na minne, anacheza magongo ya barafuni katika ligi ya vijana ya mkoa. Mapema msimu huu alivunjika mkono uwanjani, akapona, akarudi kucheza. Baba yake anataka aache. Nyumbani kwetu, neno zito la baba kwa binti hupitia kwa shangazi. Basi nikafunga duka langu la rangi na misumari, nikaenda.

Ndegeni kutoka Nairobi nilipanga hotuba. Ningeanza na masomo, nipitie kwenye mkono, nimalizie na ndoa. Sehemu ya ndoa niliipamba sana.

Randburg ndiko wanakoishi. Njiani kutoka uwanja wa ndege, tuliposimama kwenye taa za barabarani ambazo huko huziita roboti, Mwakio aliniambia, "Dada, mwambie leo leo."

"Nimkataze kitu ambacho sijakiona?" nikamjibu. "Ngoja kwanza nikione."

Kesho yake jioni alitushusha mazoezini, akabaki garini na simu zake za kazi. Uwanja wenyewe uko ndani ya jumba la maduka. Unapita viatu, unapita chipsi, unasukuma mlango, baridi inakupokea kama friji ya samaki. Mghoi alivaa mito kifuani, magotini na viwikoni hadi nikamwuliza kama anakwenda kucheza au kulala. Kisha akaingia kwenye barafu, mtoto akawa hana uzito. Nilitaka kujua kila kitu. Wanasimamaje bila breki? Akaja mbio kuelekea kwangu, akageuza viatu vyake vya chuma upande, barafu ikaruka ikapiga kioo mbele ya uso wangu. Nikapiga kelele, halafu nikacheka. Hotuba nikaiahirisha.

Jumamosi tulikwenda Pretoria kwa mechi, kupitia Midrand na maghala yake yasiyokwisha. Mwakio akabaki garini tena. Mimi nikakaa mbele na kanga mbili mabegani. Wanakimbiza kisahani cheusi cha mpira ambacho macho yangu yalikipoteza kila mara, kwa hiyo nikawa namtazama Mghoi tu. Nikamwona akimkwatua msichana wa upande wa pili kwa gongo lake. Msichana akaanguka kifudifudi. Refa akapuliza filimbi, Mghoi akafungiwa kwenye kiboksi cha adhabu.

Nilisimama. Mtoto wetu amemwangusha mtoto wa watu, na mtu mzima wa ukoo ni mimi. Nikauliza mama wa yule msichana ni nani, nikaonyeshwa, nikaenda kupiga goti mbele yake katikati ya mechi kumwomba radhi kwa niaba ya ukoo. Kumbe ni Mkongo wa Lubumbashi, mwenye saluni. Aliniinua kwa mikono miwili.

"Mama, naisha kusamehe," alisema, "lakini batoto beko nacheza tu! Angalia, wako anatoka."

Kweli, Mghoi alikuwa ameshatoka na mchezo unaendelea. Wazazi wote walikuwa wakinitazama mimi.

Baada ya mechi Mghoi alinivuta pembeni. "Eish, Shangazi! Ukikosea unakaa dakika mbili, unarudi, imeisha. Yule ni rafiki yangu." Akaweka gongo chini. "Najua umekuja kuniambia niache. Baba anaogopa kusema."

Masomo, mkono, ndoa, vyote vikanitoka kichwani. Niliona haya.

Tuliporudi Randburg nilimkuta Mwakio peke yake jikoni. "Neno lako sikulisema," nikamwambia. "Ingia uwanjani mwenyewe ukalisemee huko ndani."

"Dada, siku ile nilikuwepo," alisema. "Mkono wake ulipovunjika niliusikia." Akageuka kuosha kikombe kilichokuwa kisafi.

Mechi ya mwisho ya msimu ilichezwa kwenye uwanja wao, ule wa jumba la maduka, na Mwakio akaingia. Hakukaa. Alisimama ameshika ukingo, na Mghoi aliposukumwa akagonga ukuta na kulala chini, ndugu yangu akanishika mkono kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi. Mghoi akanyanyuka. Kina Mghoi walifungwa mabao mengi, wakapanga mstari wakapeana mikono na waliowafunga, kisha akaja moja kwa moja kwa baba yake, kofia ya chuma mkononi, nywele zimelowa jasho.

"Baba," alisema, "niambie wewe mwenyewe."

Mwakio alifungua mdomo. Akamtazama usoni, akautazama ule mkono, akamtazama tena.

"Msimu mwingine unaanza lini?" akauliza.

Mghoi akaziba uso kwa glavu zake kubwa, akalia.

Nimerudi Voi, duka liko wazi, na wateja wananiuliza nimejifunza nini huko. Barafu sijaielewa. Nilichojifunza ni kwamba ndugu yangu hakuwa na neno la kupeleka kwa binti yake. Alikuwa na hofu, na hofu ya baba, shangazi hawezi kumbebea.