Kikapu cha Usipa Kwenye Foleni ya Ndege

Kuna sauti moja inayonipandisha hasira hata kabla sijageuka kuona inatoka wapi. Ni sauti ya mzigo wa mtu ukisukumwa kwa mguu juu ya sakafu ya vigae. Viwanja vya ndege vimejaa sauti hiyo. Mtu anaona mzigo mbele yake, anautia ncha ya kiatu, anausogeza kando, krrr, huku macho yake yakitazama dari kama vile mguu ule si wake. Niliisikia tena mwezi uliopita nikiwa safarini kurudi nyumbani Mbinga, na papo hapo nikawa na miaka kumi na moja, nimekaa kwenye kiti cha chuma, mikono nimeibana katikati ya magoti.

Kazi yangu inanisafirisha mara kwa mara, kwa hiyo nawajua watu wa viwanja vya ndege kama baba yangu anavyowajua wadudu wa kahawa. Kuna yule anayeongea na simu kwa spika ili sote tujue kwamba mpangaji wake amegoma kuhama. Kuna anayelaza mkoba wake kwenye kiti, na mama mjamzito amesimama mbele yake. Kuna anayevua viatu, na laiti ingekuwa viatu tu, soksi nazo hufuata. Halafu kuna wale wanaosimama wote kwa pamoja ndege ikiwa bado inakimbia ardhini, wakakaa wamepinda shingo chini ya makabati ya mizigo kwa robo saa nzima, mlango haujafunguliwa. Mume wangu husema nina ugomvi na watu nisiowajua. Sijawahi kumweleza ugomvi wenyewe ulianzia wapi. Nitawaeleza ninyi, kwa kuwa hamnitazami usoni.

Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa mtu wa ziwani, kijiji kimoja kando ya Nyasa mwendo wa miguu kutoka Mbamba Bay. Sisi tulikaa mlimani Kitura, kwa baba, kwenye kahawa na mahindi. Bibi alikuwa na mtoto wa mwisho, Mjomba Stivini, fundi wa kuchomelea vyuma huko Dar es Salaam, mtu wa mzaha ambaye kila Krismasi alitubeba mgongoni hadi majini na kututupa humo na nguo zetu. Mwaka ule aliugua, akalazwa, na ilipofika wiki ya tano akawa hali chakula. Kila kilichoingia kilirudi. Siku moja Bibi akiwa kwetu mama alimpigia simu, Bibi akapewa aongee naye, na sisi wote tukasikia sauti ile iliyokuwa imebaki nyembamba.

"Mama, chakula cha huku hakipiti," alisema. "Nikipata usipa wa nyumbani, nadhani nitakula."

Kwa asiyejua, usipa ni dagaa wetu wa Nyasa, mwembamba, wa kung'aa. Bibi alirudi ziwani siku iliyofuata. Aliwasubiri wavuvi mwenyewe, akachagua mwenyewe, akauanika kwenye chanja na kuugeuza kwa kiganja chake, akiufunika jua lilipozidi. Mchanga aliutoa punje kwa punje. Kisha akaupanga ndani ya kikapu cha milala, akafunika kwa jani la mgomba, akafunga juu kwa kipande cha kanga ya kijani. Alipanda nacho gari hadi kwetu kupitia Kingerikiti, amekipakata njia nzima, na alipofika alikuwa na alama ya msuko wake mapajani.

Mgongo wa Bibi haukuweza tena kuhimili basi la kutwa nzima, na daktari alikuwa amesema wenye kuja waje upesi. Basi ndugu wakachanga, Bibi akakatiwa tiketi ya ndege, nami nikakatiwa ya pili. Mama alikuwa na kichanga. Mimi shule ilikuwa imefungwa, nilijua kusoma vibao, na Bibi hakujua. Nilivaa gauni langu la Komunyo ya Kwanza na viatu vyeupe. Kijijini kwetu hakuna mtoto aliyekuwa amepanda ndege, na sitawaficha, kwa siku tatu zile nilikuwa mtoto asiyevumilika.

Baba alitusindikiza mpaka kwenye kiwanja cha ndege cha mkoa, akatuacha mlangoni, akabaki nje ya uzio ili aione ndege ikiruka. Tulikuwa miongoni mwa wa kwanza. Ndani kulikuwa na mzani, kaunta, na safu moja ya viti vya chuma. Kulikuwa pia na msichana wa rika langu, amevaa suruali ya jinzi na miwani ya jua kichwani, na mara tu nilipomwona nikaanza kusikia harufu ya kikapu chetu. Hadi saa ile sikuwa nimeisikia kabisa. Ilikuwa harufu ya nyumbani kwa Bibi, na nani anasikia harufu ya nyumbani?

Bibi alianza kwa kusalimia. Aliwapitia watu wote mmoja mmoja, akiwapa mkono na kuwauliza habari za walikotoka, na watu wakajibu bila kuinua macho kwenye simu zao. Kisha akafanya kitu ambacho kila mwanamke wa kwetu angekifanya. Kwetu bombani, maji yakiwa hayajafunguliwa, kina mama hupanga ndoo zao mstari mmoja, kisha wakaenda kukaa kivulini wakasuka na kuzungumza. Ndoo husimama badala ya mtu. Mstari ukisogea, watoto husogeza ndoo za mama zao, na hata za jirani aliyekwenda kunyonyesha. Sijawahi kuona mtu akiruka ndoo. Bibi alikuwa na msemo wake, kwamba ndoo ina mwenyewe hata kama mwenyewe haonekani. Basi akakiweka kikapu nyuma ya watu wawili waliotutangulia, akakinyoosha kiwe sawa na mstari, akaja kukaa karibu yangu, ameridhika.

Baadaye kidogo akataka kwenda chooni. Nilimsomea kibao, akainuka kwa taabu, ameshika kiuno.

"Agata, mstari ukisogea, kisogeze," aliniambia.

Nilikuwa nimesogeza ndoo tangu nilipojua kutembea. Kazi yenyewe ilikuwa hatua tatu kutoka nilipokaa.

Mtu wa kaunta alifika, mstari ukasogea. Niliinuka nusu. Yule msichana wa jinzi alikuwa ananitazama. Nikakaa. Nikajiambia nitakisogeza watakaposogea tena. Akaja mwanamume mmoja mnene mwenye mabegi matatu, simu sikioni, anapiga kelele kuhusu mbao zake zilizokwama njiani. Alikiangalia kikapu, akakitia ncha ya kiatu, krrr, akaingia pale kilipokuwa. Nyuma yake akaja mama mwenye begi la magurudumu na manukato ya kukohoza. Naye akakisukuma, kwa gurudumu. Wa tatu hakukisukuma, alikiruka tu. Kila aliyefika alijua fika kwamba kikapu kilichofungwa kwa kanga hakikutembea chenyewe kutoka ziwani, lakini kila mmoja alijifanya kipofu. Baada ya muda kikapu kilikuwa ukutani, kimeinama upande, na jani la mgomba limechomoza.

Mama wa manukato alishika pua. Alisema, si kwa sauti kubwa, kwamba watu wengine wangeelekezwa stendi ya mabasi. Watu wakacheka. Msichana wa jinzi alicheka, na Mungu anisamehe, mimi pia nilitabasamu, ili nionekane niko upande wake.

Ndipo akaja kijana mfanyakazi wa pale. Alikuwa mpole, hilo lazima niliseme. Alikiinua kikapu, akatazama huku na huku.

"Huu mzigo wa nani?"

Nilikuwa hatua tatu tu. Alirudia. Nilitazama viatu vyangu vyeupe. Mara ya tatu aliuliza akiwa amegeukia upande wetu wa viti, na mimi nikageuka dirishani kana kwamba kuna kitu nje. Mwenye mbao alisema kwamba hauna mwenyewe, utolewe tu. Kijana akautoa.

Bibi aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye nafasi yake ya tatu. Aliangalia sakafu. Akainama zaidi, kama mtu aliyedondosha sindano. "Wanangu, kikapu changu kilikuwa hapa," akasema, akimtazama mmoja baada ya mwingine, watu walewale aliowapa mkono. Mwenye mbao alikuwa anabishania uzito wa begi lake la tatu, na ubishi huo ukala muda wote uliobaki. Tulipofika kaunta tulikuwa wa mwisho, na kijana yule akamwamkia Bibi na kumweleza kwa adabu kwamba mzigo usio na mwenyewe umepelekwa getini, na kwamba ndege inafungwa, hakuna nafasi ya kuurudisha.

"Niliuliza mara tatu, Bibi," alisema. "Hakuna aliyejibu."

Bibi alinigeukia. "Hukusikia?"

"Sikusikia, Bibi."

Alinitazama kidogo tu. Kisha akasema twende, Stivini anangoja.

Ilikuwa ndege ndogo ya mapangaboi. Mwenye mbao alikaa mbele yetu na kuulaza mgongo wa kiti chake mpaka ukagusa magoti ya Bibi. Bibi aliikunja miguu yake pembeni. Aliogopa sana, nilijua kwa jinsi alivyoushika mkono wangu tangu tunapaa hadi tunatua, na mimi nikafurahi, nikaamini kwamba ameniamini. Dar es Salaam watu walibanana kwenye mkanda wa mizigo, wanapigana vikumbo, wanaumizana visigino kwa vitoroli. Mmoja alimgonga Bibi, na ni Bibi aliyemwambia pole. Tulisimama pale hadi mkanda ukasimama, ingawa hatukuwa na mzigo wa kungojea. Nadhani hakutaka kuondoka mikono mitupu, akakawia kadiri alivyoweza.

Mjomba alipotuona wodini alitabasamu, halafu macho yake yakashuka kwenye mikono ya Bibi. Ilikuwa mara moja tu, akayainua haraka. Bibi akamwambia kwamba kikapu kimepotelea njiani, kwamba watu wa siku hizi hawakufundwa. Mjomba alicheka na kusema muhimu ni kwamba tumefika. Kesho yake Bibi alipata dagaa sokoni, akawapika kwa mikono yake kwa nyanya na chumvi kidogo. Mjomba alimtia mmoja mdomoni, akamtafuna muda mrefu kwa ajili ya kumpendeza mama yake, akaiweka sahani chini.

"Hawa wa kwingine, mama," alisema.

Alifariki siku ya kumi na mbili tangu tufike. Madaktari walisema ugonjwa ulikuwa umekwenda mbali mno, kwamba hakuna chakula ambacho kingebadilisha lolote. Nimeyarudia maneno hayo kichwani miaka yote. Nayaamini, na hayanisaidii.

Tulimzika kule ziwani, kijijini kwa Bibi. Siku ya pili ya msiba nilikuwa jikoni na kina mama nilipokiona kikapu, kanga ya kijani imefungwa vilevile. Baba alikuwa bado nje ya uzio siku ile anangoja kuona ndege ikiruka, akakiona kikapu getini, akakitambua, akakirudisha. Sasa amekileta. Watu walikuwa wengi na mboga ilikuwa imepungua. Usipa wa Mjomba Stivini ulipikwa kwa ajili ya waombolezaji wake, na kila aliyekula alisema ni mtamu, umekaushwa na mtu anayejua. Mimi niliwekewa sahani na ugali wa muhogo. Nilisema tumbo linaniuma.

Nilikua. Nikasoma, nikapata kazi, nikaanza kupanda ndege kama watu wengine wanavyopanda baiskeli, na hasira zangu zikaanza. Mwaka mmoja nilikwenda kumsalimia Bibi, naye alikuwa amekaa barazani anachambua usipa kwenye ungo. Nilianza kumlalamikia juu ya watu wa viwanja vya ndege, spika zao, soksi zao, mabegi yao kwenye viti, mpaka nikafika kwa wale waliosukuma kikapu chetu. Nilisema sitawasamehe. Nilisema kwa nguvu, kama mtu mwenye haki. Bibi aliendelea kutoa mchanga.

"Wale hawakunijua," alisema.

Hakuinua macho, wala sauti hakuibadilisha. Akasogea kwenye mkeka, akanipa upande wa ungo nichambue naye. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami niliyekariri methali hiyo darasani nikashinda zawadi ya daftari, siku ile ndiyo nilisikia mshindo wenyewe. Alijua tangu pale kaunta. Aliushika mkono wangu angani akiwa anajua, na akamwambia mwanawe kwamba ni watu wa siku hizi, akaniacha nimesimama nyuma yake, msafi, na viatu vyangu vyeupe. Bibi ameshalala sasa, pale karibu na Mjomba. Sikuwahi kumwambia nilisikia.

Hasira haijapungua, msidhani. Mwezi uliopita mzee mmoja alikuwa ameliacha boksi lake kwenye foleni, limefungwa kwa kamba ya katani, akaenda kukaa kwa sababu ya miguu. Foleni ilisogea. Kijana aliyevaa vizuri akalitia ncha ya kiatu, krrr. Nilimwambia alirudishe lilipokuwa. Nilimwambia kwa sauti ambayo ilifanya watu wainue macho kwenye simu zao, na wengine wakaanza kunitazama kama kero. Kijana alinitazama toka juu hadi chini.

"Kwani ni la kwako?" akaniuliza.

"Ni langu," nikasema.