Tulitaja majina ya mtaa mzima kwenye wimbo, mama akatufungia studio

Wakuu, poleni na kazi. Niko Lubumbashi, Makomeno, na Kiswahili changu kina Kifaransa ndani, mtanivumilia. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, siongezi chumvi.

Mimi ni producer. Label yetu ya hip-hop ilianzia chumba cha nyuma cha mama yangu, alimokuwa anaweka unga wa mahindi.

Tulipomwomba, alihamishia mifuko yote chumbani kwake, pembeni ya kitanda. Hakulalamika hata kidogo.

Tukapigilia mablanketi ukutani, laptop moja, maiki moja. Courant, umeme, ikikatika tunakaa nje gizani tunabishana.

Rapa tulikuwa naye mmoja tu, Trésor, rafiki yangu tangu shule. Maneno anayo, ila mbishi huyo!

Sasa wakuu, Kongo tuna kitu kinaitwa libanga. Msanii anataja jina la mtu ndani ya wimbo, mtu anajiona mkubwa. Kawaida wanatajwa matajiri wanaolipa.

Trésor akasema sisi tutaje watu wa avenue yetu, bure kabisa: muuza makala (mkaa, kwa huku kwetu), fundi wa pikipiki, hata jirani aliyekuwa anatusema kila siku kwa kelele.

Weee! Wimbo ukashika moto. Kila aliyetajwa anautuma kwa ndugu zake. Na yule jirani wa kelele ndiye aliyeupiga kwa sauti kuliko wote, nilicheka mpaka basi.

Vijana wakaanza kututafuta. Mmoja akafunga safari kutoka Mokambo, kule mpakani na Zambia, aje kurekodi kwetu.

Asubuhi anafika, mlango wa studio una kufuli.

Mama yuko jikoni anasonga bukari, ugali wetu wa huku.

"Mama, juu ya nini umefunga?"

"Nilisikiliza mpaka mwisho," akasema bila kunitazama. "Bantu bote ba avenue beko mule. Hata wa makala! Na mimi? Mimi niko nani hapa?"

Wakuu, niliona aibu. Mwenye chumba tumemsahau!

Mgeni wetu amekalia begi lake, anauliza basi la kurudi. Beat zote ziko ndani. Nikajua label imeishia hapo.

Trésor hakuomba hata samahani. Akasimama mlangoni pa jiko, akanipa ishara, nikageuza beseni nikaanza kulipiga. Akarap palepale: kuhusu mama anayelala na mifuko ya unga ili watoto wapate pa kuimbia. Akamtaja jina lake zima, la ubatizo na la ukoo.

Majirani wakajaa uani. Mama anasonga tu, ila mwiko ukaanza kufuata beseni.

"Rudilia pale pa unga," akasema.

Akarudia. Mama akatoa ufunguo kwenye fundo la kitenge.

Leo label ina jina lake. Tuna wasanii kadhaa na chumba cha pili, na anayefanya mixing ni dada mmoja kutoka Kilwa ya huku Kongo, mkali kweli.

Nilichojifunza: tulihangaika kufurahisha mtaa, tukamruka aliyetupa pa kuanzia. Wewe ungeimba leo, jina gani lingekuponyoka? Tiririka hapo chini, usione haya.

Mifuko ya unga bado iko chumbani kwa mama. Tulitaka kumjengea stoo, akakataa. Anasema bass ikiitikisa, anajua batoto beko kazini, analala vizuri.