Mkono wa Kisu

Jamani, mimi Prisila nimeolewa na mgema wa ulanzi, pombe ya mianzi, miaka kumi na tisa, na huyu Damiano wangu sijawahi kumwona amelala jua limeshatoka. Msimu wa mvua mianzi hukatwa ncha asubuhi na jioni. Ukiiacha siku mbili tu, inagoma kutoa. Kwa hiyo alipopata nimonia, zahanati wakamwekea kanula, kile kimrija kinachoachwa mshipani, mkono wa kulia, awe anakwenda kupigwa sindano za mshipa. Kila akienda anamhimiza nesi, "Sukuma haraka dada, nina kazi," halafu huyoo, mianzini na kisu chake.

Siku ya kwanza aliniambia, "Mama Anneth, hii dawa inaunguza." Nikamcheka. "Ikiunguza ndiyo inafanya kazi. Mwanaume mzima unalia sindano?" Hakulalamika tena.

Siku ya nne nikamvua koti nilifue. Mungu wangu! Kuanzia kwenye kanula hadi karibu na kiwiko, mstari mwekundu umevimba. Nikaugusa: wa moto, mgumu kama kamba ya kufungia mbuzi. Vidole havikunjiki. Nilipiga yowe mpaka jirani yetu Jeni akaja mbio akidhani kuna msiba. Mkono ule ndio unaotulisha! Nikajua wataukata.

Tukapanda bodaboda mpaka hospitali, Njombe. Nesi Elina alipouona akaguna, akaichomoa kanula palepale.

"Mshipa umevimba kwa dawa," akasema. "Hizi antibayotiki nyingine ni kali kwa mshipa, hasa zikisukumwa haraka. Na mkono ukifanya kazi, kanula inasugua ndani."

"Mtaukata?" nikauliza. Sauti ilinitoka kama ya mtoto.

"Hapana mama. Mkande kwa kitambaa cha moto, aupumzishe. Utapona taratibu." Dawa zilizobaki akasema zitapitia mkono wa kushoto. Halafu akamkazia macho Damiano. "Lakini baba, siku nne! Kwa nini hukumwambia mtu kwamba inauma?"

Damiano akatazama sakafu. Hakuniangalia hata kidogo.

"Sikusikia maumivu, dada," akasema.

Moyo ulinipasuka. Mkono umemvimba vile, na bado ananisitiri mimi! Nikashindwa kuvumilia.

"Anakudanganya, nesi," nikasema. "Aliniambia siku ile ile ya kwanza. Mimi nikamcheka."