Maneno Yangu Yalivyofika Katikati ya Maombi

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa: mimi ndiye yule mwalimu wa kwaya aliyemtusi Mama Kioko mbele ya askofu, na mpaka leo nina hasira, kwa sababu askofu akiomba mimi nilikuwa nimenyamaza kabisa, macho nimefunga.

Kwaya yetu iko nusu Gatina, Kawangware, nusu Laini Saba, Kibera, na Achieng, msichana wa kanisa letu anayesomea kompyuta, alituletea miwani ya VR tufanye mazoezi pamoja: ukivaa, mnaonana wote kwenye ukumbi mmoja wa kuchorwa, hata kama wengine wako Kibera na wewe uko Kawangware. Akaniuliza, mtandao ukikwama, atupe sauti na picha zilizochelewa ama aziweke kwa foleni zifike baadaye. Yeye alitaka kutupa. Mimi (najipenda, nakubali) nikamwambia hakuna neno langu litatupwa.

Basi siku ya kumwonyesha askofu, aliyekuwa ameketi na wenzetu wa Laini Saba, naye amevaa miwani, mtandao wetu huku Gatina ukaanza kusuasua. Napunga mkono waanze, wametulia tu, wanaanza nikiwa nishafika ubeti wa pili, nikadhani ni madharau, nikapandwa na hasira, nikamwambia Mama Kioko, kiongozi wao wa soprano, vile anaimba. Kimya. Nikashukuru Mungu hajasikia. Askofu akasema tuombe.

Kumbe foleni ilikuwa inasonga. Katikati ya maombi, huko Laini Saba, wakaniona nikirusha mikono ya wimbo mzima kwa mpigo, kama mtu anafukuza nyuki, halafu sauti yangu ikafuata: "Mama Kioko, unaimba kama mlango wa choo."

Na nani alilaumiwa? Si mtandao. Wazee wa kanisa walinitoa kwa uongozi, na nilipojitetea kwamba hayo maneno yalikuwa ya zamani, wakaniuliza kwani yakikaa yanakuwa matamu.

Nikatembea mpaka Laini Saba kuomba msamaha. Mama Kioko alikuwa anapanga nyanya kwa kibanda chake kando ya reli. Alinisikiza mpaka mwisho, hakucheka.

"Mwalimu, umemaliza, ama kuna mengine bado yako njiani?"

Nikamwambia nimemaliza. Siku hizi naimba besi, mstari wa nyuma, na yeye ndiye anatuongoza. Akikosea (na anakosea sana), nafunga mdomo.