Mwalimu Aisahihisha Kompyuta

Katibu muhtasi wa ofisi ya maji alikuwa na dada mkubwa, mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu mapema kwa sababu ya macho. Mwanzo herufi zilimfifia, halafu zikapotea kabisa. Kwa miaka mitatu Mwalimu hakuandika hata neno, na kompyuta yake ilikaa juu ya kabati ikila vumbi. Fundi aliyeiangalia alisema tu, "Hii imeshachoka, mama. Tafuta nyingine."

Katibu hakukubali. Kazini aliwahi kusikia habari za mfumo wa kompyuta unaotolewa bure, ambao yeyote anaruhusiwa kuuchungulia ndani na hata kuurekebisha, tena una sauti ya kumsomea asiyeona. Akaupakua kwa siku mbili, saa za chakula cha mchana, akautia kwenye flashi. Jumamosi asubuhi akabisha hodi kwa dada yake.

"Umekuja kuizika au kuitibu?" Mwalimu akauliza.

"Wewe kaa, dada, unywe chai yako."

Kompyuta iligoma. Mara mbili iliwaka na mfumo wake wa zamani, kana kwamba flashi haipo. Mara ya tatu Katibu akawahi kubonyeza kitufe cha kuiwasha kutoka kwenye flashi, ukurasa mpya ukafunguka. Akajibu maswali: lugha, saa, nywila. Kisha akasita.

"Inasema itafuta kila kitu kilichomo."

"Humo mna mazoezi yangu yote ya darasani," Mwalimu alisema polepole.

"Basi tunarudi nyuma."

Akauwasha tena mfumo wa zamani, akanakili mazoezi yote kwenye flashi ya pili kwa mwendo wa kinyonga, hadi chai ikapoa. Ndipo akarudi kwenye swali lile na kubonyeza ndiyo.

Usakinishaji ulipokwisha, akawasha programu ya kusoma maandishi. Ikatoka sauti kavu, kama ya mtu mwenye mafua: "Karibu." Mwalimu akasogeza kiti. Vidole vyake havikuwa vimesahau vitufe. Akaandika: Ng'ombe wa babu amelala.

"Ngombe wa babu amelala," ikasoma sauti.

"Wee! Ng'ombe, si ngombe! Rudia."

Ikarudia vilevile. Mwalimu akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mdogo wake hakukumbuka lini alimsikia akicheka hivyo.

"Nani kaifundisha hii?"

"Watu wanaojitolea tu. Anwani yao imo humu. Nikuandikie?"

"Niache. Nitawaandikia mwenyewe."

Barua ya mistari sita ilimchukua hadi alasiri. Aliisikiliza, akafuta, akaandika upya.

Wiki tatu baadaye likaja toleo jipya la programu, na sauti ikatamka ng'ombe barabara. Wale wanaojitolea walimshukuru Mwalimu, wakamwomba awakosolee maneno zaidi. Akampigia mdogo wake ofisini.

"Wanataka mengine," alisema. "Nimeshaanza orodha. Pita Jumamosi, unifundishe kupanga kurasa."

Katibu alipopita, alimkuta mezani, kitambaa kichwani, akiigombeza kompyuta kwa neno la kumi na saba.