Gide wa Ndani ya Matete

Kama mnataka kucheka, chekeni sasa mmalize, ili nikianza mnisikilize vizuri. Haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa macho, nikiwa mzima, tumboni nina bugali na ndagala tu. Sikunywa kitu. Kanisani kwetu hata soda tunainywa kwa adabu. Na shahidi ninaye, yuko Makobola, mwulizeni. Ila mkienda kumwuliza tengeni siku nzima, maana yule akianza hamalizi.

Mimi ni mlinzi wa hifadhi hapa kaskazini mwa ziwa, pale Ruzizi inapomwaga maji yake Tanganyika. Watu wengi wanafikiri mlinzi ni bunduki na kofia. Kofia ninayo, lakini kazi yangu ni mdomo. Mimi ni gide. Wakija wanafunzi, wanakwaya, watu wa ofisi na watoto wao, mimi ndiye ninayewatembeza, ninawaonyesha viboko na kuwaeleza tabia zao. Uvira mnatujua, sisi na viboko tunaishi kama wapangaji wa nyumba moja. Jua likizama wanatoka majini kutafuta majani, na wengine wanaingia hadi barabara za mtaani. Kwa hiyo maelezo yangu si mapambo. Anayeyashika anarudi nyumbani kwake.

Na ninayasema vizuri, niacheni nijisifu kidogo. "Huyu ni kiboko," ninawaambia. "Usimwone mnene ukadhani ni mvivu, akikimbia anakushinda. Haji kukutafuta wewe, anatafuta majani. Akipiga miayo si usingizi, anakuonya. Usipige kelele, usimtupie kitu. Na kubwa kuliko yote, usisimame kati yake na maji." Hapo ninanyamaza kidogo, wageni watazamane. Halafu ninamalizia: "Maji ndiyo nyumba yake, na wewe utakuwa umemzibia mlango."

Maneno hayo niliyatunga mwenyewe, na kile kimya cha katikati ni changu pia. Nasema hivyo kwa sababu ya mwenzangu mmoja kazini, Baraka, mwanamume mwenye sauti nene, ambaye amezoea kuniibia maelezo. Nikigeuka tu, ninamkuta anawapokea wageni wangu kwa maneno yangu. Tumeshagombana mara nyingi na hajaacha.

Sasa, mtu mmoja tu alikuwa haiheshimu kazi hii, naye ni mama mkwe wangu. Mama anakaa Makobola, analima mihogo na kusuka mikeka, na kila nikienda kumsalimu ananiuliza mbele ya majirani, "Mukamwana, ungali unafanya ile kazi ya kusemasema?" Majirani wanacheka, na mimi ninacheka nao, lakini inauma. Siku moja nikamwambia, "Mama, mukuye siku moja mujionee."

Akaja kweli, Jumamosi mchana, juu ya moto, pikipiki ya kukodi, kikwembe kipya kiunoni, mkoba kwapani. Nikamtia katika kundi la walimu waliokuwa wanatembelea siku hiyo. Jamani, siku hiyo nilisema kuliko siku zote! Walimu wanauliza maswali, wanapiga makofi, kiboko mmoja akapiga miayo saa ileile niliyotaja miayo, kana kwamba tulikuwa tumepatana. Mama je? Mama anatazama mafunjo.

Mafunjo ya pale kwetu ni marefu na laini, na yamesimama hivyo kwa sababu ni marufuku kukata kitu hifadhini. Kumwonyesha msusi wa mikeka mafunjo yale ni sawa na kumwonyesha paka ndagala. Niliyaona macho yake. Niliuona na mkono wake unapapasa kitu ndani ya mkoba. Angekuwa mgeni mwingine ningemwambia palepale, "Mama, apana." Lakini mama mkwe? Mbele ya walimu? Mkamwana gani wa kwetu ana mdomo huo? Nikageukia upande wa pili, nikaendelea na habari za ndege.

Tuliporudi kituoni jua lilikuwa limeingia nyuma ya milima. Walimu wakapanda moto zao wakaenda. Mimi nilidhani Mama yuko chooni. Nikangoja. Nikaenda kupiga hodi. Hakuna mtu.

Kwanza nilimwogopea yeye, maana hiyo ndiyo saa viboko wanatoka majini. Halafu, nawaambia ukweli, nilijiogopea mimi. Hebu fikirini: mkamwana anamwalika mama mkwe wake kwenda kuona viboko, halafu anarudi peke yake. Nani Makobola angekubali kwamba ni ajali? Hata mume wangu, na ananipenda, asingekula tena chakula nilichopika bila kukinusa.

Nikarudi njiani mbio, ninaita kwa sauti ya chini, "Mama! Mama wee!" Kwa chini, maana kelele nimezikataza mwenyewe. Ng'ambo, taa za Bujumbura zilikuwa zimeanza kuwaka. Upande wetu mwanga ulikuwa umebaki kidogo tu juu ya maji.

Nilipokaribia mafunjo nikasikia mtu anasema. Sauti nene, ya taratibu, sauti ya mtu anayeeleza. Na maneno yalikuwa yangu!

"Bageni, musipige kelele," sauti inasema. "Musisonge karibu sana." Halafu ikanyamaza kidogo, palepale ninaponyamaza mimi.

Baraka! Nani mwingine? Hofu yote ikaniruka, nikabaki na hasira tupu. Saa hii, njia imefungwa, yeye ameleta wageni wake wa kichinichini, na anawalisha maelezo yangu! Njia yetu inapita kando ya ziwa, kwa hiyo niliyazunguka matete kwa upande wa maji, nikatokea kwenye uwazi mdogo, mikono kiunoni, mdomo tayari umefunguka kumpa yake.

Mtu niliyemwona kwanza alikuwa Mama. Amekaa ukingoni juu ya tita la mafunjo, kisu mapajani, anasikiliza kama mtu aliye kanisani. Mbele yake, upande wa nchi kavu, wageni walikuwa wamejipanga nusu duara. Watu wakubwa, wazito, wamechuchumaa, wote kama wamevaa makoti ya mvua meusi yanayong'aa kwa maji. Na mvua haikunyesha siku hiyo. Katikati amesimama gide wao, koti kama letu, kofia kama yetu, fimbo mkononi. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka mikono ya koti lake, hayakomi.

Na ile fimbo ilikuwa inamwonyesha Mama.

"Huyu ni muntu," anawaeleza. "Wa kike, muzee. Musimuone mudogo mukazani haiko na nguvu, akishika kisu anakata. Hakuya kututafuta siye, iko anatafuta majani tu. Akionyesha meno haiko hasira, ni vile bao banachekaka."

Wageni wakaguna. Mnaujua ule mguno wa viboko usiku, hu-hu-hu, kama wazee wanaojizuia kucheka kwenye mazishi? Ndio huo. Ulinipita kifuani hadi mgongoni, na hapo nikajua kwamba Baraka hayupo, na kwamba nilipoingia ndipo sipo.

Fimbo ikahama polepole, ikanielekea.

"Huyu wa kofia munamujua," akasema. "Ni ule anasemaka kila siku, sauti yake tunaisikiaka mpaka kule chini. Sasa muangalie fasi amesimama." Akanyamaza. Kile kimya changu, jamani! Wageni wakatazamana. "Amesimama kati yetu na nyumba."

Nikatazama miguu yangu. Maji nyuma yangu, wao mbele yangu. Mimi! Niliyewafundisha wanafunzi wa mji mzima kanuni hiyo, nimejisimika mlangoni mwa watu na mikono kiunoni! Nilitaka kusali, nikaambulia "Baba yetu" tu, mengine yote yakapotea. Nilijua kitu kimoja: wakiamua kurudi majini sasa hivi, watapita juu yangu na juu ya Mama.

Basi yule gide akavua kofia kunisalimu, kama wenzangu wa kazi wanavyofanya tukikutana njiani. Heri asingeivua. Masikio yake yalikuwa madogo, ya mviringo, yameota juu kabisa ya kichwa, na yalikuwa yanapigapiga kama yanafukuza nzi.

"Bageni, tulieni," akawaambia. "Muntu akisimama mu mulango yenu haiko kiburi. Woga inamupoteza akili. Hamumukanyage. Munamungojea, munamupa fasi." Kisha akanigeukia, akasema kwa upole kabisa, "Kolege, shika mama yako. Mupite huku kuume. Pole pole. Musikimbie."

Kolege! Niliitwa mfanyakazi mwenzake! Na mnajua nini? Nilimwamini. Nimewahi kuongoza watu wenye hofu, ninajua sauti ya mtu anayejua kazi yake. Nikamshika Mama mkono nikamwinua. Nanyi mtasema ninatia chumvi, lakini mama mkwe wangu aliinua kidole kama mwanafunzi, akasema, "Papa, samahani. Minye muzee? Weye unajua nilizaliwa mwaka gani?"

"Mama, twende," nikamnong'oneza.

"Apana, iko lazima anijibu."

Nikamvuta. Ndiyo, mama mkwe wangu, nilimvuta mkono mbele ya wageni, na ninaomba msamaha hadi leo. Tukawapita karibu sana, harufu ya matope na majani yaliyotafunwa, pumzi zao za moto zikigonga magoti yetu. Mmoja, mfupi kuliko wengine, akasogea mbele kutuona vizuri. Gide akanyoosha fimbo mbele yake, yule mfupi akarudi nyuma kwa aibu. Tulipofika njiani tukasikia maji yanapokea mizigo mizito, mmoja baada ya mwingine, na ile sauti nene ikiwaambia, "Leo muko na bahati, bageni. Siku zote hatubaonaka karibu ginsi hii."

Hata hayo ni maneno yangu.

Kituoni nilikaa chini, nikalia na kucheka pamoja. Mama alikunywa maji, akafunga kikwembe vizuri. Kisha akasema, "Mukamwana, ile ya kusimama kati ya maji na bao, uliisema muchana. Minye nilizani ni maneno ya kujaza kinywa." Akanisogezea kikombe cha maji. "Ule gide anajua kusema. Lakini weye unamushinda."

Nilikuwa nimeolewa miaka mingi bila kusikia sifa moja kutoka kinywa kile. Nililia upya.

Baraka? Alikuwa mjini, mtaa wa Kimanga, tangu mchana, anangojea simu yake itengenezwe, na fundi mwenyewe alinithibitishia. Asubuhi nilirudi pale na wenzangu wawili. Tita la mafunjo lilikuwa limeliwa lote. Kwenye matope kulikuwa na nyayo za viboko, vidole vinne vinne, zimepangwa nusu duara, zote zinaelekea pale Mama alipokaa. Wenzangu walizitazama sana. Mmoja alisema viboko huwa hawasimami hivyo. Wageni ndio wanaosimama hivyo.

Tangu siku hiyo Mama hataki mtu ainue mdomo juu ya kazi yangu. Huko Makobola anawaeleza majirani habari za viboko, anazichanganya kidogo, lakini ile ya maji anaisema sawasawa, na watoto wanaikariri wakienda kuchota. Mafunjo hayagusi tena. Kitu kimoja tu kinamsumbua: kwamba hakujibiwa swali lake, na kwamba kuna kundi zima chini ya ziwa linalomjua kama mzee.

Mimi nami nimebadilika. Nikimaliza maelezo ninavua kofia, ninayapa maji salamu. Wageni wanafikiri ni desturi ya kazi, siwakatazi. Na sigombani tena na Baraka juu ya maneno. Nitayadai vipi kuwa yangu, wakati sijui aliyetangulia kuyasema ni nani?

Basi njooni, hifadhi ni yenu, nitawapokea kwa furaha. Lakini mkija, vaeni vizuri na mkae kwa adabu. Ukimnyooshea kiboko kidole ukasema, "Ona lile jitu," ujue kuna anayekunyooshea wewe, na usiku huohuo utasimuliwa wewe huko majini. Na tafadhali, wewe unayenisikiliza huku unacheka, usisimame kati yao na maji. Mimi na Mama tulipewa njia kwa sababu jioni ile walikuwa na mtu wa kuwatuliza. Sijui kama kila kundi linatembea na gide.